Mgongo Ukiuma Usiunyamazishe, Utembeze

Nilijua mambo yameharibika siku niliposhindwa kufunga kamba za viatu. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, nje ya geti la kiwanda kimoja hapa Eneo la Viwanda Thika, na foleni ya vibarua ilikuwa imefika mpaka kwa mama wa chai. Kamba ya mguu wa kulia ikafunguka. Nikainama, na kabla mkono ufike kwa kiatu, kiuno kikakataa. Ni kama mtu alinikamata hapo juu ya makalio akaniambia, wewe leo huendi popote. Nikabaki nimekunjika nusu naangalia kiatu, na msee wa nyuma yangu akidhani nimeokota shilingi.

Nilikuwa na miaka 19.

Kama hujui hii area, wacha nikupe picha. Asubuhi watu wanatoka Makongeni na Kiandutu wakielekea viwandani kwa miguu, wengi ajabu. Thika imeitwa Birmingham ya Kenya kwa sababu ya hivi viwanda: unga, mafuta ya kupika, nguo, vyuma, mkate, nanasi za mkebe. Lakini wengi unaowaona getini hawajaajiriwa. Ni vibarua wa siku. Supavaiza anatoka, anaangalia sura na mabega, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe pale. Ukionekana umekunjika, hakuna kidole kinakuja kwako. Kwa hivyo nilisukuma ile kamba ndani ya kiatu, nikajinyoosha kwa meno, nikatabasamu. Nikachaguliwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kupakia bale za unga kwenye lori. Bale moja ni pakiti 12 za kilo mbili, yaani kilo 24. Najua unasema kilo 24 ni kitu gani, si hata mathe anabeba mtungi wa lita 20 kutoka kwa mfereji. Ni kweli. Shida si bale moja. Shida ni kwamba lori moja likijaa, lingine linarudi rivasi. Na hubebi tu. Unainama, unashika, unajipinda, unarusha juu, unarudi kuinama. Siku zingine ni magunia ya kilo 50. Ikifika saa saba mchana hujui tena kiuno ni chako ama ni cha mtu mwingine.

Siku hiyo ya kamba, jamaa mmoja tuliyekuwa tukisimama naye getini alinitolea karatasi ndogo mfukoni. Ndani kulikuwa na vidonge. "Meza viwili, utabeba mpaka jioni." Ilikuwa diklofenaki, mtaani tunaita diklo. Nilimeza bila hata chakula.

Na wasee, nitasema ukweli: ilifanya kazi. Nusu saa hivi, nilikuwa nabeba kama sijawahi kuumia. Hapo ndipo shida yangu ilianzia. Kama ingekataa, ningeenda nyumbani nijipange. Kwa sababu ilikubali, nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku nikimeza. Baada ya wiki tatu nilikuwa sinunui tena dawa kwa sababu ya maumivu. Nilikuwa nainunua kama nauli. Bila kidonge, hakuna kazi.

Kile hakuna mtu alinielezea kwa geti ni hiki. Dawa za aina hiyo, diklofenaki na ibuprofeni, zinazima maumivu kwa kuzuia mwili usitengeneze kemikali zinazoitwa prostaglandini. Lakini kemikali hizo hizo ndizo zinalinda ukuta wa tumbo lako na kusaidia figo zako zipate damu vizuri. Ukizizuia siku moja mbili, ukiwa umekula, wengi huwa sawa. Ukizizuia kila siku kwa tumbo tupu, huku unatoka jasho na hunywi maji, unacheza na moto.

Jamaa aliyenipa vidonge ndiye aliungua. Asubuhi moja hakuja. Tukasikia amezimia chooni nyumbani kwake, choo imekuwa nyeusi kama lami. Hiyo ni damu, inatoka kwa kidonda cha tumbo. Alipelekwa hospitali, akaongezewa damu, akapona. Anatembea leo. Lakini nilikaa kwa kitanda changu hiyo jioni na karatasi yangu ya vidonge mkononi, nikahesabu ni vingapi nimemeza, nikashindwa kufika mwisho.

Nikaacha. Na sasa nikawa na mgongo bila dawa.

Kosa langu la pili lilikuwa kulala. Si ndio kila mtu anakwambia? Pumzika, lala chali, usisonge. Nililala Ijumaa jioni mpaka Jumatatu, natoka tu kwenda choo. Jumatatu nilikuwa mgumu kama ubao. Nilidhani labda nimevunjika kitu ndani.

Kumbe hili jambo lilishachunguzwa kabla sijazaliwa. Mwaka 1995 watafiti wa Ufini walichapisha majaribio waliyofanya na wafanyakazi wa jiji la Helsinki waliokuwa wameshikwa na mgongo ghafla. Kundi moja likaambiwa lilale siku mbili. Lingine likapewa mazoezi ya mgongo. La tatu likaambiwa endeleeni na maisha ya kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona haraka ni hao wa tatu. Soma tena: si waliolala, na hata si waliokimbilia mazoezi siku ya kwanza. Ni wale waliendelea kusonga polepole.

Mimi sikujua hayo wakati huo. Niliambiwa na daktari wa viungo kwenye hospitali ya serikali, baada ya mathe kunisukuma niende. Nilienda nikitaka picha ya eksirei. Hakunipiga picha. Alinilaza, akanyanyua mguu mmoja ukiwa umenyooka, halafu mwingine, akagonga magoti, akaniambia nisimame kwa vidole vya miguu, halafu kwa visigino. Akauliza kama nahisi ganzi, kama mkojo unatoka sawa, kama nina homa usiku. Nikajibu hapana zote. Akasema, "Kijana, mgongo wako haujavunjika. Hiyo ni misuli. Imechoka, imeshtuka, imejikaza kukulinda. Sasa kazi yako ni kuionyesha kwamba kusonga si hatari."

Nilimuuliza, "Na dawa, daktari?"

"Dawa yako iko kwa miguu," akasema, akaandika kwa karatasi: tembea.

Nilihisi nimechezwa. Nauli nimelipa, foleni nimepiga, halafu naambiwa nitembee? Lakini sikuwa na mpango mwingine, kwa hivyo nilitembea. Siku ya kwanza dakika kumi, kutoka kwa ploti mpaka Barabara ya Garissa na kurudi, kama mzee wa miaka 80. Watoto walikuwa wananipita na tairi zao. Siku ya nne dakika kumi na tano. Wiki ya pili nilikuwa natembea mpaka tauni bila kupanda matatu wala nduthi. Jumapili moja nilifika hadi Blue Post, nikasimama nikasikiliza maporomoko ya Chania, na nikagundua sijafikiria kiuno kwa karibu saa nzima.

Hii ya kutembea pia imepimwa. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilitoa utafiti kutoka Australia, watu 701 waliokuwa wamepona mgongo hivi karibuni. Kundi moja lilipangiwa kutembea, likijenga polepole mpaka dakika 30, mara tano kwa wiki, na likafundishwa kuuelewa mgongo. Lingine halikupewa kitu. Kwa kundi lisilotembea, siku 112 zilipita kabla nusu yao kurudiwa na maumivu. Kwa waliotembea, siku 208. Karibu mara mbili. Na kutembea hakuuzwi kwa duka la dawa, ndiyo maana hakuna mtu anakutangazia.

Sasa nikupe vitu vingine vilivyonisaidia, kwa sababu najua mmoja wenu anasoma hii akiwa amejikunja kwa sofa.

Joto. Chovya taulo kwa maji moto, kamua vizuri, pima kwanza na mkono isikuchome, halafu weka kiunoni dakika kumi na tano au ishirini. Mathe alikuwa anafanya jioni baada ya ugali. Joto halitengenezi kitu ndani, lakini misuli iliyokaza inalegea, na ukilegea unaweza kusonga. Basi songa hapo hapo, usilale nalo mpaka asubuhi.

Mazoezi, baada ya zile siku kali za kwanza kupita. Nilipewa matatu tu. La kwanza, lala chali, vuta goti moja mpaka kifuani, shikilia ukihesabu kumi, badilisha. La pili, daraja: lala chali, kunja magoti, nyayo chini, inua makalio mpaka mwili unyooke kutoka bega hadi goti, shusha polepole. La tatu, piga magoti kama mtoto anayetambaa, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, tulia, badilisha. Fanya kumi kumi. Ikivuta kidogo ni sawa. Ikichoma mpaka chini ya goti, acha na umwone daktari.

Kulala usiku. Kwa ubavu, na mto katikati ya magoti. Sina mto wa pili, natumia sweta iliyokunjwa.

Na mshipi? Ule mpana mweusi ambao wabebaji wanafunga kiunoni? Nilikuwa karibu kununua mmoja. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu mgongo uliouma zaidi ya miezi mitatu, na mshipi uko kwenye orodha ya vitu lisivyopendekeza. Doh yangu nilinunua maparachichi.

Kuna mtu mwingine nilijifunza kwake, na yeye hana cheti. Shosho yangu. Ananiita "mume wangu" kwa sababu nimepewa jina la guka, na anapenda kunicheka. Nilipomwambia kilo 24 zimenishinda, alicheka mpaka akashika ukuta. Shosho alibeba kuni miaka mingi kwa mũkwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwa paji la uso, mzigo ukiwa mgongoni. Bado ana alama kwa paji. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa hapa Kenya kuhusu akina mama kama yeye, Wakikuyu wanaobeba kwa ukanda na Waluo wanaobeba kichwani. Watafiti walikuta wanaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu.

Nilimsomea shosho hiyo habari nikidhani atajivuna. Akaniangalia. "Hao watu waliuliza kama tunaumwa?" Nikasema hapana, walipima pumzi. "Basi waambie magoti yangu yanaumwa." Hapo nikanyamaza. Tunapenda kuwasifu hawa akina mama kwa nguvu zao ili tusiwaulize mizigo iliwafanya nini.

Lakini alinifundisha kitu kimoja cha kweli. "Mzigo ukiwa mbali na wewe, ni adui. Ukikumbatia, ni mtoto." Nikaanza kuivuta bale mpaka iguse tumbo kabla ya kuinuka, nakunja magoti, na nikigeuka nageuka na miguu, sipindi kiuno. Ile ya kujipinda na mzigo mkononi ndiyo ilikuwa inanimaliza.

Sasa nisikize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo maoni yangu yako. Mimi naweza kutembea, kufanya daraja, kuweka taulo, kubeba kama shosho. Nikirudi kwa geti na mzigo ni ule ule, kasi ni ile ile, mgongo utarudi pale pale. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na inasema mwajiri asimruhusu mfanyakazi kubeba mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumuumiza. Huko nyuma, mwaka 1967, Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebe zaidi ya kilo 55 kwa mkono. Karatasi ziko. Lakini kibarua wa siku atamshtaki nani, na kesho asubuhi kidole kiko kwa supavaiza?

Nilichofanya ni kidogo. Tulikuwa wanne kwa lori moja: wawili wanainua kutoka chini, wawili wako juu wanapanga. Kuinua ndiko kunaua. Tukakubaliana tubadilishane kila lori. Tukamwambia supavaiza, "Bosi, tunaomba tukuwe tunabadilishana." Akakataa. Akasema tunataka kupoteza muda. Wiki iliyofuata wabebaji wawili hawakutokea, wameshikwa na mgongo, na lori likachelewa mpaka usiku. Kesho yake akasema tu, "Ile maneno yenu ya kubadilishana, fanyeni." Hakuomba msamaha, na hatukungoja atuombe. Lakini jioni hiyo niliinama nikafunga kamba zote mbili.

Usidhani hii ni story ya wabebaji peke yao. Dada yangu anashona kwa kiwanda Ruiru. Habebi chochote, anakaa kwa cherehani mchana kutwa, na anaumwa pale pale ninapoumwa mimi. Tulianza kulinganisha, tukaona tunafanana: yeye mwili umefungwa kwa pozi moja, mimi mwili umefungwa kwa mwendo mmoja. Sasa yeye anasimama kila akimaliza rundo moja, anajinyoosha, anaenda kuchota maji ya kunywa hata kama hana kiu. Na wewe unayekaa kwa gemu masaa sita, ama kwa matatu iliyokwama Thika Road, ama kwa laptopu ukiedit video kama mimi siku hizi, uko kwa hii meli. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Hakuna kitu kingine kinawafanya watu wengi hivyo washindwe na shughuli zao.

Kuna mgongo ambao hautaki kutembezwa, unataka hospitali leo. Ukihisi ganzi katikati ya mapaja, ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukikataa kutoka, mguu ukiishiwa nguvu, homa ikija na maumivu, unakonda bila sababu, maumivu yanakuamsha usiku na hayapungui hata ukigeuka, au ulianguka ama kugongwa: usijaribu taulo. Enda. Na maumivu yakipita wiki kadhaa bila kupungua, enda pia.

Sisemi dawa ni mbaya. Daktari akikupa kwa siku chache, meza vile alisema, ukiwa umekula. Ninachosema ni uulize kile kidonge kinakununulia nini. Kikikununulia usingizi ama nafasi ya kutembea dakika kumi, sawa. Kikikununulia ruhusa ya kubeba magunia mengine mia juu ya misuli iliyochanika, hiyo si dawa, ni deni, na wewe ndiye utalilipa.

Yule jamaa wa vidonge harudi getini tena. Anauza smoki na mayai karibu na steji Makongeni. Nikitembea jioni napita kwake, ananikatia moja na kachumbari, halafu anafunga biashara tunarudi naye kwa miguu. Tunachukua kama dakika thelathini. Hatuzihesabu.